Milamula Kumi na Mmoja ya Shangazi

Jumanne, 9 Septemba

Mazoezi tangu saa kumi na mbili asubuhi. Nimesimama juu ya kinu kilichopinduliwa, katikati ya migomba, nahutubia majani. "Iwapendeze Waheshimiwa Majaji." Mara ishirini. Bado nasikika kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani.

Mashindano ya mahakama ya mfano mwaka huu ni kwa Kiswahili. Miaka mitatu tumesomeshwa sheria kwa Kiingereza, sasa tunaambiwa tutetee kwa Kiswahili. Nusu ya darasa wamenuna. Mimi nimefurahi. Kwa mara ya kwanza watu wa nyumbani wataelewa ninachosomea.

Nusu fainali ni Kayanga, Jumamosi ya wiki ijayo. Fainali wiki moja baadaye, hapo hapo. Mwenzangu wa timu ni Alistides. Kwao Muleba, ila baba yake ni ofisa wa forodha Murongo, ndiko aliko likizo hii. Anaongea haraka kama aliyefukuzwa na nyuki.

Kesi ya kubuni tuliyopewa: mwanamke amerudi kwao baada ya ndoa kuvunjika. Baba yake akampa sehemu ya kibanja, shamba la migomba la nyumbani. Baba akafa. Kaka anasema kibanja ni cha ukoo, hakikugawiwa mtu, dada alikaribishwa tu. Kura ikapigwa. Sisi tunamtetea kaka. Upande mbovu! Nimekasirika mpaka chai imenishinda.

Shangazi alipita na kapu la ndizi, akauliza nagombana na nani asubuhi yote hii. Nikamwambia nagombana na wewe. Maana kesi yenyewe ni kama yake tupu. Akacheka mpaka akalitua kapu.

Saa saba akaita kama kawaida yake, na lile neno la kwetu waitu, yaani mpenzi, sauti ya kufika Omurushaka: "Koku! Waitu, njoo ule kabla hakijapoa!"

Alhamisi, 11 Septemba

Nimeipata! Hoja nimeipata, na hakuna mtoto wa mjini atakayeifikiria.

Nimesoma maelezo ya kesi mara tano. Hakuna palipotajwa mlamula. Hata mmoja. Huku kwetu baba akimpa mtoto kipande cha kibanja kiwe chake, anapanda mlamula mpakani, ule mmea wa majani marefu usiokufa kwa jua wala mvua. Anapanda mbele ya watu, kisha lubisi, pombe yetu ya ndizi, inanywewa. Aliyekaribishwa kulima tu hapandiwi kitu. Basi mwanamke wa kwenye kesi hakupewa. Alikaribishwa. Kwisha kazi.

Nimeandika: "Waheshimiwa, aliyepewa hupandiwa. Aliyekaribishwa hapandiwi. Pasipo na mlamula, hapana zawadi." Nikaisoma kwa sauti. Nikasisimka mwili. Najisifu, na nani atanizuia, hiki ni kitabu changu.

Baba Mdogo Novatus alikuwa amesimama nyuma ya mbuni, anasikiliza. Akapiga makofi. Ndiye mdogo wa marehemu baba, na nyumba yake iko upande wa pili wa kibanja hiki hiki. "Wakili wetu," akasema. Kesho anakuja na kiti chake.

Jumapili, 14 Septemba

Baba Mdogo amekuja siku tatu mfululizo. Anauliza kuliko mhadhiri wangu. Mahakama itakubali hayo ya mlamula? Nikamwambia mahakama inakubali kinachoonekana kwa macho.

Baada ya misa nikampeleka hadi mpaka wa Shangazi ili aone ninachosema. Uko ndani kabisa, kati ya migomba yake Shangazi na ya Baba Mdogo, jirani hafiki. Tukahesabu pamoja. Milamula kumi na mmoja, imenyooka kama wanafunzi mstarini. Babu aliipanda Shangazi Leokadia aliporudi kutoka kwa mume. Baba Mdogo akasema anaikumbuka siku ile, alikuwa kijana, alikunywa lubisi mpaka akalala kwenye nyasi. Tulicheka.

Nikaushika mmoja, nikamwambia kwa sauti ya Jaji: "Unaona hii? Ingekuwa haipo, Shangazi hana kesi."

Akaomba nakala ya hoja zangu, awaonyeshe watu wa jumuiya. Nikamwandikia kwa mkono, kurasa mbili, mwandiko mzuri. Nikatia na jina langu chini. Fahari tu.

Jumatano, 17 Septemba

Murongo. Bodaboda, vumbi, kisha mvua ya kwanza ya vuli, kwa hiyo nimefika nimepakwa tope mgongo mzima. Tunafanya mazoezi kwenye baraza la nyumba ya kina Alistides. Malori yanaunguruma yakisubiri kuvuka Uganda. Hiyo ni nzuri, inanifundisha kupaza sauti.

Alistides ameipenda hoja ya mlamula. Kisha akauliza, mdomo umejaa karanga, kwani huyu mwanamke wa kesi si shangazi yako kabisa? Nikamwambia Shangazi yeye amepandiwa. Tena kumi na mmoja. Hivyo ni tofauti.

Nalala hapa kwa dada yake mpaka Ijumaa. Shangazi naye hayupo nyumbani, ameenda msibani Kiruruma, atarudi Jumamosi.

Jumamosi, 20 Septemba

TUMESHINDA! Kayanga, ukumbi umejaa, watu wamesimama madirishani. Wapinzani wetu walikuja na vifungu kumi na viwili vya sheria. Mimi nikaja na mlamula. Majaji watatu wakaacha kuandika, wakanitazama. Mmoja akasema hajawahi kusikia hoja ya namna hii darasani.

Cheti cha msemaji bora ni changu. Nimekiweka ndani ya Biblia kisijikunje. Nimelala Kayanga kwa binamu, nyumbani kesho.

Jumapili, 21 Septemba

Sijui nianzie wapi.

Nimefika saa nane mchana. Uani kwa Baba Mdogo watu wengi. Nikadhani wamenisubiri mimi na cheti. Mjinga mimi. Kilikuwa kikao cha ukoo. Wazee kutoka Kiruruma na hapa Kihanga, bakuli la kahawa ya kutafuna linazunguka, Shangazi amekaa peke yake kwenye mkeka.

Baba Mdogo alikuwa amesimama anasoma. "Aliyepewa hupandiwa. Aliyekaribishwa hapandiwi. Pasipo na mlamula, hapana zawadi."

Maneno yangu. Mpaka mahali ninapovuta pumzi, na yeye anavuta pumzi. Kidole gumba ameweka mwisho wa karatasi, amefunika jina langu. Alisema haya yameandikwa na mtu msomi, kisha akanitupia jicho, mara moja tu.

Anataka kipande cha Shangazi kwa ajili ya mwanawe anayeoa Desemba. Shangazi akajibu kwa utulivu: mlamula upo, twendeni mkaone.

Tukaenda.

Hakuna. Hakuna hata mmoja! Udongo umelimwa laini, maharage yamepandwa toka kwa Baba Mdogo hadi kwa Shangazi, moja kwa moja, kama vile pamekuwa hivyo tangu dunia iumbwe. Msimu wa kupanda huu, kila shamba limelimwa, nani atashangaa. Shangazi aliinama akagusa udongo. Akazunguka huku na huku kama mtu aliyepotea uani kwake mwenyewe. Hakulia. Bora angelia.

Walioshuhudia upandaji wamekufa wote, isipokuwa aliyesimama na karatasi. Mzee mmoja akanigeukia mimi. Wewe umekulia hapa, mwanasheria wetu, unasemaje?

Nilifungua mdomo. Sauti haikutoka. Kusema ilikuwepo ni lazima niseme nilimwonyesha nani. Nikatazama miguu yangu. Msemaji bora wa kanda.

Wameamua Shangazi atoke baada ya maharage kuvunwa. Suala linapelekwa baraza la kata Alhamisi ya tarehe mbili, liandikwe kama suluhu na yeye atie dole gumba.

Shangazi hana pa kwenda. Ana miaka sitini na mitatu. Amenilea tangu baba alipofariki na mama akaolewa mbali. Nimekulia mgongoni mwake, ndani ya kanga yake.

Leo hakuniita kula. Chakula nimekikuta mezani kimefunikwa.

Jumatatu, 22 Septemba

Nilimwonyesha mimi. Nilimwonyesha mimi. Nilimwonyesha mimi.

Jumatano, 24 Septemba

Nimekwenda kwa Baba Mdogo. Nimemwambia ni mwizi. Sikuamkia, sikusema shikamoo, kwa mara ya kwanza maishani. Hakukasirika. Hilo ndilo limeniogopesha. Aliniambia nikae, akaniletea ndizi za kuchoma, akasema kwa upole kabisa: mwanangu, mimi nimesema nini ambacho wewe hukuandika?

Nimetoka mbio.

Shangazi bado haniiti. Sahani iko mezani, imefunikwa na jani, kila siku saa saba. Nakula peke yangu. Yeye anakula jikoni. Nadhani ni huzuni. Namwonea huruma, na kumwambia siwezi. Mara tatu leo nimesimama mlangoni mwa jiko. Mara tatu nimeuliza kama kuni zipo.

Anataka kutia dole. Anasema hagombani na mdogo wake aliyembeba mgongoni.

Jumamosi, 27 Septemba

Fainali. Nilitaka kutokwenda. Alistides alipiga simu mara kumi na nne. Upande wetu ule ule, wa kaka. Hoja ile ile.

Nilisimama. "Iwapendeze Waheshimiwa Majaji." Hapo sawa. "Aliyepewa hupandiwa." Nikasikia sauti ya Baba Mdogo ndani ya sauti yangu. Nikakwama. Alistides akanikanyaga mguu chini ya meza.

Jaji wa katikati ni mama mtu mzima kutoka Kyerwa, hakimu mstaafu, miwani imening'inia kifuani. Aliniuliza, je, kama yule kaka angekuwa ameing'oa hiyo milamula? Nikasema Mheshimiwa, basi ushahidi ungekuwa umetoweka.

Akavua miwani aliyokuwa ndiyo kwanza ameivaa. "Binti, wewe wa wapi?"

Nikasema Kihanga.

"Na umewahi kung'oa mlamula kwa mikono yako?"

Nikasema hapana, Mheshimiwa.

"Nilijua. Nenda kwenu kang'oe mmoja, halafu urudi uniambie umetoweka."

Ukumbi mzima ulicheka. Mpaka mlinzi wa mlangoni. Mimi sikusikia kicheko vizuri. Nilikuwa nimeshafika mpakani na jembe. Nilikaa chini kabla muda wangu haujaisha, kitu ambacho hakifanywi.

Tumeshindwa. Alistides hajanisemesha hadi stendi. Kisha akasema nimemwaibisha mbele ya baba yake aliyetoka Murongo kuja kumtazama. Ana haki. Nilimwambia kila kitu pale pale, tukiwa tumesimama karibu na mama wa mahindi. Karatasi, jina, kidole gumba.

Jumapili, 28 Septemba

Sijaenda misani. Watu walipokuwa kanisani nimechukua jembe dogo nikaenda mpakani. Nilikumbuka palipokuwa na ule wa mwisho, karibu na mgomba ulioinama.

Kiganja kimoja chini, hakuna. Viwili, hakuna. Kiwiko kizima, jembe likagonga. Mzizi. Nimekwangua kwa ukucha. Rangi ya chungwa, kama karoti, hakuna mzizi mwingine shambani wenye rangi hiyo. Umekatwa kwa panga na bado uko hai, pembeni una kijichipukizi cheupe, kama ukucha wa mtoto.

Nilikaa kwenye tope nikacheka peke yangu kama kichaa. Kisha nikalia.

Sijachimba mingine. Nimefukia huu, nimefunika na jani la mgomba. Nikichimba mimi watasema nimepanda mimi. Hilo angalau chuo kimenifundisha: ushahidi uonwe na wale wenye mamlaka ya kuuona.

Jumanne, 30 Septemba

Nimemwomba Shangazi nimsemee barazani. Mawakili hawaruhusiwi kule, ndugu anaruhusiwa. Akaweka kisu chini. Akauliza, utasema yote? Nikasema nitasema yote. Akarudi kumenya ndizi.

Sikuwa na maana ya yote. Nilikuwa na maana ya mizizi.

Alhamisi, 2 Oktoba

Naandika nikiwa nimekaa kitandani na viatu. Niandike kabla sijasahau mpangilio.

Baraza la kata siku hizi halihukumu, linasuluhisha. Wajumbe wanne, mwenyekiti ni Mzee Bernado, fundi baiskeli zamani, anasikia kwa sikio moja. Karatasi ya suluhu ilikuwa tayari mezani na wino wa dole gumba pembeni. Nikaomba wajumbe watembelee eneo kwanza. Baba Mdogo akasema hakuna cha kuona. Mzee Bernado akasema basi tutaona hicho ambacho hakuna.

Mpakani nikamuuliza Baba Mdogo swali moja. Kabla ya maharage haya, hapa palikuwa na nini? Akasema hapakuwa na kitu. Nikampa mjumbe jembe. Nikamwonyesha pa kuchimba, na pengine, na pengine. Mizizi mitatu, rangi ya chungwa, mstari mmoja. Watu wakaguna. Nilijua nimeshinda. Nilikuwa nimeshajipanga kutabasamu.

Baba Mdogo hakutikisika hata kidogo. Akasema eeh, hiyo ni ya ua wa zizi la ng'ombe la marehemu baba yetu, zamani sana, kabla Leokadia hajaolewa. Aliing'oa marehemu mwenyewe. Mzizi wa mlamula si unakaa miaka?

Na ni kweli unakaa miaka! Wajumbe wakaanza kutikisa vichwa. Mmoja akakung'uta udongo, akageuka kurudi. Mizizi inasema palikuwa na mlamula. Haisemi ni lini. Shangazi alikuwa amesimama kando, mikono imekunjwa, hatazami mizizi. Ananitazama mimi.

Nikasema yote.

Nikasema milamula ilikuwepo tarehe kumi na nne Septemba, kumi na mmoja, nimeihesabu na Baba Mdogo baada ya misa. Nikasema hoja aliyosoma kwenye kikao niliandika mimi, jina langu liko chini pale anapoweka kidole. Nikasema mimi ndiye niliyeushika mlamula nikamwambia ingekuwa haipo Shangazi hana kesi. Nikasema kwenye kikao niliulizwa na nikanyamaza. Sauti ilitoka vizuri kuliko siku zote. Sikuomba radhi. Nilisahau.

Watu walinitazama kama nimevua nguo. Mama mmoja akasema, Yesu na Maria. Baba Mdogo akanirukia kwa maneno, mishipa imesimama, kwa mara ya kwanza namwona amekasirika:

"Si mmemsikia? Mtoto mwenyewe anakiri! Ni yeye aliyenifundisha! Mimi ningejuaje kama si yeye?"

Mjumbe mwenye jembe akaliweka chini.

Mzee Bernado akamgeuzia sikio lake zima. "Ungejua nini, Novatus?"

Baba Mdogo alifungua mdomo. Nilimwona akiitafuta sauti, na mimi ninajua inavyokuwa. Kisha akakaa chini, juu ya maharage yake mwenyewe.

Suluhu iliyoandikwa ni nyingine. Kipande ni cha Leokadia. Aliyeng'oa atapanda kwa mkono wake. Baba Mdogo ametia sahihi. Karatasi yangu aliitoa mfukoni akaiweka mezani mbele yangu, imekunjwa mara nne.

Tumerudi nyumbani mimi na Shangazi, yeye mbele. Nilidhani nikishinda kesi ya kweli nitarukaruka.

Jumamosi, 4 Oktoba

Alistides katuma ujumbe. Anauliza mizizi ilikuwaje. Nimemjibu. Akaandika: basi fainali hatukushindwa bure. Halafu: ila bado nimekasirika.

Watu sokoni Omurushaka wananinyooshea kidole. Wengine wanasema ndiye aliyemwokoa shangazi yake. Wengine ndiye aliyemuuza. Wote wanajua jina langu.

Jumapili, 12 Oktoba

Mvua usiku kucha, asubuhi shwari. Baada ya misa Baba Mdogo alikuja na vipande kumi na kimoja vya mlamula begani. Alikuja peke yake. Alimwamkia dada yake, na Shangazi akaitikia. Mzee Bernado alikaa kwenye kigoda. Kibuyu cha lubisi kilikuwa kivulini.

Alipanda kimoja kimoja. Kwenye mashimo mawili alikuta mizizi ya zamani tayari inachipua, akauliza aiache au aitoe. Shangazi akasema iache, ikae na wenzake. Alipomaliza wakanywa kutoka kibuyu kimoja, Shangazi na mdogo wake, kama inavyotakiwa. Shangazi aliulizia harusi ya mwana wa Baba Mdogo. Akasema atakuja.

Mimi nilisimama mbali kidogo, nimeshika ndoo ya maji. Sikuhesabu.

Walipoondoka Shangazi akaniambia nimsaidie kukusanya vikombe. Akasema, huku anafuta kimoja na upindo wa kanga, kwamba alinijua siku ile ile ya kikao. Nilikusikia mdomoni mwa Novatus, akasema. Nimekulea, nitashindwa kuijua sauti yako? Nilikuwa nakungoja uje uniambie. Siku kumi na moja, Koku.

 Nikabeba vikombe.

Mchana nimekaa chumbani napanga begi, chuo kinafunguliwa wiki ijayo. Cheti nimekitoa kwenye Biblia, sijui nikiweke wapi. Saa saba ikafika. Nikatoka kwenda mezani kuchukua sahani yangu. Meza ilikuwa tupu.

Kisha nikasikia kutoka jikoni, sauti ya kufika Omurushaka: "Koku! Waitu, njoo ule kabla hakijapoa!"

Nimekwenda. Zilikuwa ndizi na maharage.